Ukwato Ndani ya Mfuko wa Mkate

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi pale darajani, Tilda Kangas na babu yake Eino walihesabu elki. Walisimama kwenye dirisha la jikoni, babu na kahawa yake, Tilda na kipande cha mkate wa iliki, wakiwatazama kulungu hao wakubwa kama ng'ombe wakitoka msituni na kushuka malishoni nyuma ya nyumba. Mwanzoni mwa mwaka huo wa shule walikuwa thelathini na mmoja.

"Na wanaochechemea?" babu aliuliza kila siku.

"Hakuna."

"Hakuna!" Babu aligonga kikombe mezani kana kwamba amewazaa yeye.

Alikuwa na haki ya kujivuna. Huku kusini-magharibi mwa jimbo la Washington mvua haiji kutembea, inahamia kabisa, na katika mabonde ya chini elki walikuwa wakiteseka kwa ugonjwa wa kwato miaka mingi. Ukwato huota vidonda, hurefuka na kupinda, mwisho hubanduka, na mnyama hawezi tena kutafuta chakula. Kwa hiyo mwindaji akiua elki, huzikata kwato na kuziacha palepale alipoangukia, asije akabeba ugonjwa kwenda bonde jingine. Watoto wa Bonde la Salmi, huko juu walikoishi akina Tilda, huijua sheria hiyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Babu Eino mwenyewe alikuwa akisimamisha magari ya wageni na kuwauliza, "Kwato mmeziacha, au mmekuja kutuua?"

Mjukuu wake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeivunja.

Ilikuwa Novemba. Mjomba Wes alimchukua Tilda kuwinda bonde la chini, akampiga risasi elki jike aliyekuwa anaburuta mguu. Wes alizikata kwato nne, akaziacha kwenye magugu, akageuka kufunga nyama. Tilda akachukua mmoja, ule uliopinda zaidi, akautia kwenye mfuko mtupu wa mkate na kuusukuma chini ya begi lake.

Hakuwa mtundu wa hivihivi. Maonyesho ya sayansi shuleni yalikuwa yanakaribia, na babu yake alikuwa na adui mmoja tu duniani: dawa ya kuua magugu ambayo kampuni za mbao hunyunyiza kwenye vilima baada ya kukata miti. "Ile dawa ndiyo mchawi," alikuwa akisema. "Baba yangu alikata miti maisha yake yote, na hakuona elki kilema." Tilda alitaka kuandika kwa herufi kubwa, DAWA YA MAGUGU NDIYO MUUAJI, na chini yake auweke ukwato wenyewe. Babu angefurahi mpaka alie.

Aliuficha kwenye ndoo ndani ya banda la kuni. Alimsahau Musti.

Musti alikuwa mbwa mweusi asiyeheshimu ndoo ya mtu. Siku ya tatu, walipokuwa wakihesabu elki, Tilda alimwona mbwa amelala kwenye dimbwi katikati ya malisho, pale elki wanapopita kila siku, anatafuna kitu. Basi lilipiga honi. Alikimbia nje, akamfukuza Musti, akausukuma ukwato kwa fimbo mpaka kwenye ndoo, akaifunika kwa gogo. Kisha akapanda basi na viatu vyenye tope.

"Umepigana na nguruwe?" aliuliza Odell, rafiki yake, akiviangalia viatu.

"Nyamaza, Odell."

Siku hiyohiyo darasa lilikuwa na mgeni, Dokta Ramona, daktari wa wanyama wa porini. Aliwaeleza kwamba katika kwato zilizooza wameona vijidudu vya jamii ileile inayoumiza miguu ya ng'ombe wa maziwa, na kwamba hupenda udongo uliolowa.

"Na dawa ya magugu?" Tilda aliuliza.

"Swali zuri. Wengi wanaishuku. Wengine wanasema ni upungufu wa madini mwilini. Mpaka leo utafiti haujaonyesha kwamba dawa ndiyo chanzo. Kushuku kunaruhusiwa, mradi usikuite kujua."

Tilda aliinua mkono tena. "Na ukwato mmoja tu, ukiangukia mahali penye maji?"

"Hata mmoja unanitia wasiwasi. Kwa nini, unao mfukoni?"

Darasa zima lilicheka. Tilda naye alicheka, akiviangalia viatu vyake vyenye tope. Aliwaza elki wote wakikanyaga lile dimbwi, na babu akigonga kikombe mezani.

Aliporudi alimkuta babu anapasua kuni. Alisema yote kwa pumzi moja, ukwato, mfuko, ndoo, Musti, dimbwi, kisha akaanza kulia kwa sauti.

Babu aliweka shoka chini. Alikaa juu ya gogo, akavua kofia.

"Babu, nigombeze basi!"

"Nitakugombezaje?" alisema. "Mwezi wa tisa niliona elki jike anachechemea kule juu, kwenye mierezi. Mmoja wa hawa wetu. Wewe ulikuwa shule. Baadaye hakuonekana kwenye malisho, wakabaki thelathini, nami nikanyamaza."

Tilda aliacha kulia kwa mshangao. "Lakini kila siku unaniuliza!"

"Nakuuliza ili nisikie 'hakuna.' Sikutaka watu waseme ugonjwa umefika kwa Kangas." Alijifuta uso kwa kofia. "Haya, twende kwenye simu. Tuanze na kosa lako au langu?"

Dokta Ramona alifika kesho yake akiwa na wenzake wawili. Aliwasikiliza mmoja baada ya mwingine, akatikisa kichwa. "Nyinyi kweli ni ndugu," alisema. Walizungushia dimbwi uzio ili elki wasipite hapo mpaka kiangazi kilikaushe. Waliuchukua ukwato, wakawaonyesha jinsi ya kusugua viatu na miguu ya Musti mpaka tope lote litoke. Jambo hilo Musti hakulisamehe mpaka Krismasi. Yule elki jike walimpata siku nne baadaye, mgonjwa kweli, amekonda sana. Walimuua asiteseke zaidi, kwa kuwa ugonjwa huo hauna tiba porini.

"Mngenyamaza wote wawili," Dokta Ramona alisema, "majira yote ya baridi yule jike angekuwa anaacha vijidudu njiani kwa wenzake."

Kwenye maonyesho, Tilda aliweka picha badala ya ukwato, na juu yake maneno TUNACHOJUA NA TUNACHOSHUKU. Babu alisoma polepole, miwani kwenye ncha ya pua.

"Dawa umeandika 'haijathibitishwa.'"

"Ndiyo, Babu."

"Ungeandika pia kwamba babu yako bado anaishuku."

"Nimeandika. Pale chini."

Babu aliinama, akasoma, akacheka mpaka Odell akageuka kuangalia.

Mwezi wa Machi elki walikuwa thelathini. Asubuhi moja dume mchanga alionekana akiinua mguu wa nyuma. Babu hakungoja hata kahawa ipoe, alipiga simu. Dokta Ramona aliendesha gari saa nzima kwenye mvua, akatazama kwa darubini, akaanza kutabasamu. Kijiti kilikuwa kimenasa katikati ya kwato. Dume alitikisa mguu, kikaruka, akakimbia kuwafuata wenzake.

"Nimekusumbua bure," babu alisema kwa aibu.

"Nisumbue hivi mara mia, Mzee Eino. Simu ninayoiogopa ni ile isiyopigwa."

Alipoondoka, babu alimmiminia Tilda maziwa na kumkatia mkate. "Umesikia? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tulificha mimi na wewe, kila mmoja akidhani anampendeza mwenzake, na nusura tuwapoteze hawa. Kosa ukilisema mapema, mjukuu wangu, bado lina dawa. Sasa hesabu tena."

Tilda alihesabu mara mbili.

"Thelathini. Na wanaochechemea, hakuna."

Babu hakugonga kikombe. Alichukua darubini, akasogea dirishani, akaanza kuhesabu mwenyewe.