Pakiti za Beya

Kila asubuhi, kabla malori ya madini hayajaanza kutimua vumbi kwenye barabara ya Kapata, Mushiya alikuwa ameshafagia lupango, yaani ua wa nyumba, ameshachota maji na ameshambeba mdogo wake mgongoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule yake ilianza mchana, kwa sababu madarasa hayakutosha na wanafunzi walisoma kwa zamu. Kwa hiyo asubuhi yote Beya alikuwa wake. Mama yao, Laurentine, aliondoka mapema kwenda sokoni kuuza unga. Baba yao alikuwa Lubudi tangu kiangazi, akilima shamba la kaka yake. Nyumbani alibaki nyanya yao, waliyemwita Kambo, ambaye magoti yake hayakumruhusu tena kwenda mbali na mlango.

Beya alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Aliachishwa ziwa mapema, mama alipougua, na tangu hapo chakula chake kilikuwa chai ya sukari asubuhi na bukari, yaani ugali, iliyolowekwa kwenye mchuzi jioni. Tumbo lilijaa, na wakubwa walipoona tumbo limejaa waliridhika. Lakini nywele zake zilianza kubadilika, zikawa nyekundu-nyekundu kama ndevu za mahindi, na mikono yake ikazidi kuwa myembamba. Walipompeleka kituo cha afya, muuguzi, Mama Huguette, alimzungushia mkononi utepe wa rangi wa kupimia lishe. Utepe ukasimama kwenye rangi nyekundu, ya hatari.

Walirudi na mfuko wa pakiti ndogo zenye karanga iliyosagwa na maziwa, mafuta na sukari. Pakiti tatu kwa siku, na kila Alhamisi mtoto apimwe uzito. Mama alimweleza Mushiya yote: mbili atampa yeye asubuhi, polepole, pamoja na maji safi ya kunywa, ya tatu mama mwenyewe atampa jioni. Jambo moja hakulisema, labda kwa sababu kwake lilikuwa wazi mno: kwamba pakiti zile zilikuwa za Beya peke yake.

Na mtaani kwao Kapata, katika mistari ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, mtoto hali peke yake. Ukitoka na muhogo mkononi, unauvunja. Ukipewa kitumbua, unatazama kwanza nani yuko karibu. Kambo alikuwa amelea watoto wanane na wajukuu wengi kwa sheria hiyo, na aliyeificha sahani yake alimwita mtu mwenye bwimi, yaani mchoyo, jina ambalo hakuna mtoto wa mtaa ule aliyelitaka.

Basi siku ya kwanza Mushiya alipokata pakiti pale kizingitini, Glodi wa nyumba ya pili alikuja na kusimama tu. Alikuwa na miaka minane na macho makubwa. Mushiya akamkamulia kidogo kwenye kidole. Kesho yake Glodi alikuja na dada yake Tina, na keshokutwa wakaja wengine wanne. Ilikuwa tamu, tamu kuliko bonbon za dukani. Watoto walipanga mstari, kila mmoja na kidole chake, na Beya aliyekula polepole alibaki na mabaki yaliyoshikilia pembeni mwa pakiti. Walimwambia Mushiya kwamba hakuna yaya, yaani ndugu mkubwa, mwenye roho nzuri kama yeye. Kambo aliona yote akiwa mlangoni, akatikisa kichwa kwa furaha.

Alhamisi ya kwanza mizani haikupanda. Mama Huguette alisema wasubiri. Alhamisi ya pili ilishuka gramu mia moja.

Siku hiyo Mushiya alikuwa amefuatana na mama yake kubeba mfuko. Chumba kilijaa akina mama na watoto. Mama Huguette aliitazama karatasi, akamtazama mtoto, kisha akamtazama mama.

"Mama Laurentine, hizi pakiti zinaenda wapi?"

Mama alijibu kwamba mtoto anakula zote, tatu kila siku.

"Kuna bamama banauzisha hizi pakiti ku soko," muuguzi alisema taratibu. "Mi sisemi ni weye. Lakini hii mizani haina ndugu."

Nyuma yao mwanamke mmoja alinong'ona kwamba siku hizi ni mama ndiye anayenona. Wawili wakacheka. Mama Laurentine hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba hawezi kuuza chakula cha mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mushiya aliangalia sakafu. Neno lilikuwa mdomoni, fupi tu, na alilishikilia hapo mpaka muuguzi akasema kwamba uzito usipopanda kufikia Alhamisi nyingine, Beya atalazwa hospitali kubwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Kisha wakatoka. Njiani mama alijipangusa macho mara mbili kwa pindo la kitenge.

Ijumaa asubuhi Mushiya aliingia ndani na Beya, akafunga mlango. Alikuwa hajakata hata pembe ya pakiti aliposikia vidole vikigonga.

"Yaya Mushiya," Glodi aliita, "leo uko na bwimi?"

"Anakulia mu giza sawa panya," Tina akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Kambo, aliyekuwa ameketi nje, akauliza nani amejifungia na chakula. Mushiya alijibu kupitia mlangoni kwamba ni cha Beya.

"Na Beya ni wa nani? Si wetu bote?" Kambo alisema. "Mu hii nyumba hatukulake nyuma ya mulango. Fungua, mwana."

Angeweza kumwambia Kambo habari ya mizani. Lakini kusema habari ya mizani kulikuwa kusema pia kwamba alisimama kimya huku mama yake akichekwa. Akafungua. Vidole vikapanga mstari kama kawaida, Ijumaa, Jumamosi, hata Jumapili baada ya kanisa. Alijiambia kwamba kesho atabana, atawapunguzia. Usiku alilala akisikia pumzi ya mdogo wake, nyepesi kama ya kifaranga.

Jumanne Glodi, kwa mchezo, aliivuta pakiti kutoka mdomoni mwa Beya na kukimbia nayo hatua tatu. Zamani Beya angepiga kelele mtaa mzima ukasikia. Safari hii alibaki na mdomo wazi kidogo, akitazama mahali pakiti ilipokuwa. Hakunyoosha hata mkono. Glodi alicheka, akangoja, halafu akaacha kucheka.

"Yaya," alisema, "juu ya nini halie?"

Mushiya alimwinua mtoto. Kichwa kilimlalia begani kama kitu kisicho na mwenyewe. Hakumjibu Glodi, hakumjibu Kambo aliyeuliza anaenda wapi. Alimfunga mgongoni na kukimbia njia nzima mpaka kituo cha afya.

Mama Huguette alimpokea mtoto bila maswali. Alimgusa miguu, ilikuwa baridi. Akakoroga maji ya sukari na kumtilia mdomoni kijiko kwa kijiko, akamtuma kijana wa pikipiki sokoni kumwita mama. Laurentine alifika na unga bado mikononi, bila viatu. Muuguzi alipoinua karatasi ya uzito kutaka kumuuliza tena, Mushiya alisimama katikati yao.

"Mama hakuuzisha," alisema. "Ni mi. Nilikuwa nagawia benzake. Kila siku."

Muuguzi aliuliza watoto wangapi. Sita. Aliuliza kama hata wiki iliyopita, siku ile ya mizani, alikuwa anajua. Mushiya alisema ndiyo. Mama yake alikaa kwenye benchi. Hakumpiga wala hakumgombeza, na Mushiya aliona afadhali angempiga.

Beya alilazwa hospitali kubwa siku nane, na mama alilala naye huko, sakafuni. Mushiya alipika na kufua. Hakuna aliyejua kama mtoto atarudi. Watoto wa mtaa walipita mbali na mlango wao.

Alirudi, mwembamba bado, lakini akifuata vitu kwa macho. Jumamosi iliyofuata Mama Huguette alikuja Kapata. Alimsalimu Kambo kwanza, akaomba kiti, akaeleza. Kambo alimsikiliza akiwa amekunja uso, kisha akauliza kama sasa anataka wajukuu wajifunze bwimi.

"Hapana, Kambo. Ukigonjwa malaria, banakupa kidonge. Utakikata, ugawie jirani?"

Kambo alifikiri. Kidonge hapana, alikubali.

"Ile pakiti ni kidonge. Inafanana tu na chakula, na njo inatudanganya sisi bote."

Kisha muuguzi alimwita Glodi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ukuta, akamtazama macho na kucha, akampima urefu kwa ukuta na uzito kwa mizani aliyokuja nayo. Mtoto yule pia alikuwa chini ya kipimo cha umri wake. Hakuja kwa utamu tu, muuguzi alisema, akirudisha vitu vyake mfukoni. Tumbo la bukari na chai linajaa, lakini mwili unabaki unadai. Unadai karanga, maharage, soya, dagaa wa ndakala, yai likipatikana, mboga za majani, tunda. Wakubwa hawakosi vyote hivyo. Wanakosa kukumbuka kuviweka kwenye sahani ya mdogo.

 Kesho yake Kambo alimtuma Mushiya nyumba kwa nyumba na bakuli, na hakumwambia aombe radhi, ingawa kila mlango alipofika Mushiya alijua kwamba safari ile ilikuwa radhi pia. Hapa alipewa konzi ya karanga, pale soya iliyokaangwa, mama yake Glodi alitoa ndakala. Walitwanga vyote wakachanganya na unga wa mahindi. Saa ya pakiti ilipofika, watoto walikaa lupangoni kila mmoja na kikombe chake cha uji, na Kambo mwenyewe akaingia ndani na Beya, akafunga mlango wa nyumba ile ambamo hakuna aliyewahi kula nyuma ya mlango. Tina alipochungulia dirishani alionyeshwa fimbo.

Mizani ilipanda kwa shida. Gramu mia na hamsini, kisha mia mbili, wiki moja hakuna kitu kwa sababu ya kikohozi, kisha mia tatu. Alhamisi utepe ulipotoka kwenye nyekundu na kusimama kwenye njano, Mama Huguette alimpa Laurentine mkono mbele ya akina mama wote na kusema kwa sauti kwamba alimhukumu vibaya.

Wakati wa kurudi, mama alimwambia Mushiya wapumzike kidogo kando ya barabara. Tangu siku ile ya hospitali walikuwa hawajazungumza jambo lile.

"Kugawa ulifundishwa muzuri, usikuache," mama alisema. "Gawa kya kwako. Kya mugonjwa ni kya mugonjwa mpaka apone. Hiyo hukuijua, na hata mi sikukuambia, tumekosa bote." Alimrekebisha Beya kwenye mapaja. "Lakini ile Alhamisi ulijua. Balinicheka, ile ilipita, mi niko mukubwa. Kutoka Alhamisi mpaka Jumanne ni siku tano, Mushiya. Zile siku tano hazikuwa zangu wala zako. Zilikuwa za huyu. Siku ingine ukiwa na neno linalouma, liseme likiwa bado dogo."

Mushiya alisema amesikia. Mama akamkabidhi mtoto, wakavuka barabara.