Mihogo ya Babu Evelio

Kila nikitoka shule, kabla hata sijavua soksi, nilibandika mihogo ya Babu Evelio. Figo zake ziliharibikia katika mashamba ya miwa ya Chichigalpa, hapa kwetu Nikaragua. Nesi Socorro alitupa amri: mihogo ikatwe vipande vidogo, ichemshwe mara mbili, maji yamwagwe mara zote mbili ili yatoke na madini yanayodhuru moyo wa mgonjwa wa figo, kisha apimiwe nusu kikombe. Chumvi, marufuku! Mama alikuwa kazini Kosta Rika, hivyo kazi hiyo ilikuwa yangu.

Jumapili moja wazee wenzake walikuja kucheza domino. Nikamwekea babu sahani yake.

"Jamani, tazameni!" akasema, akininyooshea kidole. "Kuku wa Arlen wanashiba kuliko mimi!"

Wazee wakaangua kicheko. Babu akaisukuma sahani, mihogo ikamwagika miguuni pangu. "Mchoyo huyu, kama baba yake aliyewatelekeza yeye na mama yake."

Lo! Hapo alinichoma. Niliokota mihogo, moyoni nikisema: ngoja, utanitambua.

Tangu siku hiyo nilichemsha mara moja tu. Maji sikumwaga, chumvi nikatia, na sahani nikaijaza pomoni.

"Leo umepika, mjukuu wangu!" babu akasema, akilamba vidole.

Nami nyuma ya mlango nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, sitadanganya. Kula, mzee, kula.

Siku ya tatu alishindwa kuinuka kitini. Miguu iligoma, pumzi zikamwia fupi. Akanishika mkono. "Arlen, usiniache." Furaha yangu ikageuka shubiri.

Zahanatini, Nesi Socorro akauliza, "Amekula nini?"

"Chakula chake kilekile," akajibu jirani aliyetuleta. "Mtoto huyu hakosei."

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini babu alikuwa anatutoka.

"Nimemlisha vibaya siku tatu," nikasema. "Makusudi. Nilitaka akome."

Nesi alinikazia macho, kisha akakimbia. "Daktari! Moyo wake, upesi!"

Siku mbili baadaye babu aliweza kuketi. Nilimweleza yote mwenyewe, kichwa chini. Akaninyanyua kidevu.

"Nilikutukana mbele za watu," akasema. "Nisamehe. Nilistahili kukaripiwa, Arlen. Sikustahili kuuawa."

Nikalia kwa kwikwi.

"Ukiwa na hasira, mjukuu wangu, njoo uniambie usoni. Usinipikie."