Milio Miwili ya Saa Kumi

"Hivi mwenzangu, kwenye simu hiyo huwa unazungumza na nani bila kufungua mdomo?"

Delfina ndiye aliyemuuliza Somoe swali hilo, alasiri moja, akiwa ameegemea ua wa matete uliotenganisha nyumba zao. Alikuwa amemchunguza siku nyingi. Kila akimaliza sala ya alasiri, Somoe hutoa simu, huibonyeza, huiacha ilie mara moja, huikata. Huibonyeza tena, huikata tena. Kisha hukaa ameishika kiganjani kama mtu aliyeshika kifaranga, mpaka nayo ilie mara moja na kunyamaza. Hapo ndipo huinuka na ndoo kwenda kuteka maji, uso umemkunjuka.

"Nazungumza na saa," Somoe alijibu.

"Saa hiyo ina ndevu?"

"Ina buti."

Delfina alicheka mpaka kapulana, kitenge chake, ikamlegea kiunoni.

Buti zenyewe zilikuwa za Zuberi, bombeiro, yaani mtu wa zimamoto. Somoe alikutana naye katika soko la Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka ule ambao habari za gesi ziliujaza mji wageni wenye fulana za rangi ya machungwa. Somoe alikuwa mjane wa mwaka wa nne. Mume alimtoa kwao Msimbati, ng'ambo ya Ruvuma, akamleta hapa bibi harusi, kisha homa ikamchukua kabla hawajapata mtoto. Wakwe walitawanyika, akabaki na cherehani, vyumba viwili, na meza ya kushonea sokoni.

Siku hiyo mabombeiro wanne walikuwa wakipita meza kwa meza, wakikagua majiko ya wauza chakula. Zuberi akasimama mbele ya Somoe. Suruali yake ya buluu ilikuwa imepauka magotini, mkanda mpana, mikono mirefu isiyojua pa kukaa.

"Dada, pasi hii ni yako?"

"Ni ya marehemu mume wangu. Unataka kumsalimia?"

"Nataka aisogeze. Ina makaa ndani, nayo imekaa juu ya nguo."

"Isipokuwa na makaa, kaka, itanyoosha kwa dua?"

Wauza nguo wakacheka. Yeye hakukasirika. Aliinyanyua pasi kwa mkono wake, akaiweka juu ya tofali, akajaza mchanga kwenye kopo tupu la maziwa na kuliweka miguuni pa Somoe.

"Moto ukizuka, mwaga huu kwanza. Halafu nipigie."

"Nikupigie wapi?"

Akanyoosha kidevu kwenye ukuta wa soko. Palikuwa na namba imeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa kama tangazo la duka. "Namba ile ni yangu. Simu ya kituo imekufa tangu mvua za mwaka juzi."

"Kwa hiyo mji mzima una namba yako."

"Mji mzima," alisema, macho kwenye msiro mweupe aliojipaka Somoe usoni. "Lakini mpaka leo sijapigiwa vizuri."

Siku ya tatu Somoe akapiga.

"Bombeiro Zuberi, moto uko wapi?" sauti iliuliza, tayari inahema.

"Hakuna moto. Nilitaka kujua kama namba inafanya kazi."

"Inafanya kazi, mwenye pasi. Ila tafadhali usikae nayo. Ukikaa nayo wewe, anayeungua atakuta laini ina mtu."

Ndiyo maana mapenzi yao yalikuwa ya dakika moja moja. Wakabuni njia. Saa kumi alasiri, Somoe akisharudi nyumbani na kusali, atambipu mara mbili: nimefika salama, nakukumbuka. Yeye atajibu mara moja: nimesikia, roho yangu. Hakuna kupokea, na laini inabaki wazi kwa mwenye shida.

Na wenye shida walikuwa wengi. Gari lilikuwa moja tu, ngazi yake imefungwa kwa kamba, nalo ndilo lililopeleka maji hospitali, likajaza tangi la msikiti miezi ya ukame, likafika kwenye misiba isiyo na kisima. Mbuzi akitumbukia shimoni wanaitwa wao, na ndege ya wageni wa gesi ikitua, wao ndio wanaosimama kando ya uwanja na mpira wa maji mkononi. Somoe alizoea kuliona likipita na Zuberi amening'inia nyuma. Zuberi hakumpungia mkono. Aligusa kofia yake ya chuma kidogo tu, na Somoe siku hiyo alishona mishono iliyonyooka.

Ijumaa Zuberi alikuja kumtembelea, akakaa barazani, mlango wazi, na Delfina katikati.

"Mimi ndiye heshima yenu," Delfina alisema, huku akimenya muhogo. "Nikiondoka hapa mtasemwa mpaka Diaca."

"Basi usiondoke, shemeji," Zuberi alimjibu.

Delfina alikuwa Mmakonde wa Diaca, Mkristo, aliyeachwa na mume kama Somoe alivyoachwa na wake, ila wa Delfina alikuwa hai. Alimtunza baba yake, Mzee Faustino, aliyepooza miguu. Jioni, yeye na Somoe walibadilishana mboga juu ya ua. Akiumwa mmoja, mwingine ndiye aliyepika uji. Zaidi ya hao wawili, Delfina na Zuberi, Somoe hakuwa na mtu katika mji ule.

Kisha ikaja Jumamosi ile ya upepo.

Somoe alikuwa ametoa salamu ya mwisho ya alasiri, hajakunja msala, aliposikia harufu. Makuti ya jiko la Delfina yalikuwa yakitoa moshi wa manjano, na jiko hilo liliungana na chumba cha mzee. Delfina alikuwa kisimani. Simu ilikuwa mkononi mwa Somoe tayari, kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika.

Akapiga. Mlio wa kwanza, kidole kikakata. Akajishangaa, akapiga tena. Mlio wa kwanza, kidole kikakata tena. Kidole kilikuwa kimefanya hivyo kila siku, saa ile ile, kwa miezi minane. Nacho hakikumsubiri mwenyewe afikiri.

Ndani Mzee Faustino akakohoa. Somoe akaitupa simu, akakimbia, akaruka ua. Alikuwa amemshika mzee kwapani anamburuta kuelekea mlangoni, makuti yanaanguka, aliposikia simu yake ikilia mchangani. Ililia mara moja, ikanyamaza.

Nimesikia, roho yangu.

Hapo akajua kwamba gari haliji. Katika purukushani ile hakuna aliyekumbuka kupiga; ilibidi mtu atumwe kwa miguu hadi kituoni, na gari lilipofika na king'ora chake, paa lilikuwa limekwishalala chini. Zuberi aliruka kabla halijasimama. Alimtazama Somoe aliyejaa masizi, akatazama saa yake ya mkononi, na uso wake ukawa wa mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.

Watu walipiga kelele: mabombeiro wamezoea wageni, wenyeji waungue tu. Chefe Hamido, mkubwa wa kikosi, alikuja Jumatatu kuuliza kilichotokea, na majirani wote wakakusanyika.

"Zuberi, simu ililia au haikulia?"

"Haikulia, Chefe," Zuberi alisema. "Hakuna aliyepiga."

Somoe alikuwa amesimama nyuma ya wanawake. Maneno yale yalimwingia kama maji ya baridi. Amenikana, alifikiri. Amejiokoa yeye.

Mzee Faustino aliungua mgongoni. Alifariki siku ya tisa. Delfina hakuwa na nyumba, Somoe akamchukua kwake, wakalala mkeka mmoja. Mbele ya kila aliyekuja kutoa pole, Delfina alisema neno hilo hilo: "Huyu hapa ndiye aliyemtoa baba yangu kwenye moto. Asingekuwa yeye, ningezika majivu." Somoe aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Saa kumi ikawa ndiyo saa nzito kuliko zote. Alisali, akakunja msala, akaiweka simu ndani ya sanduku la nguo na kulifunga. Mara moja moja alilifungua kuangalia. Hakukuwa na kitu. Gari jekundu lilipopita, aliinamia cherehani mpaka vumbi litulie. Alikula na Delfina chungu kimoja, akasikia pumzi zake usiku, na hakuwahi kuwa peke yake namna ile, hata katika eda ya mumewe.

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha, asubuhi moja sokoni, suruali ya buluu ikawekwa juu ya meza yake, goti limechanika.

"Mshonaji, litapona hili?"

Somoe hakuinua macho. "Litapona. Tangu lini naitwa mshonaji?"

"Tangu ulipoacha kunibipu."

"Nikubipu wewe ambaye simu yako haikulia?"

Zuberi akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa amekonda. "Ningesema imelia, Chefe angeuliza ni nani. Ningesema ni wewe, angeuliza mbona sikupokea. Ningemjibu nini, Somoe, mbele ya Delfina, na baba yake yuko hospitali bado anahema? Kwamba nilicheka, nikairudisha mfukoni, kwa sababu nilidhani unanikumbuka?"

Cherehani ikasimama.

"Nilijua unajificha," Somoe alisema.

"Nilikuficha wewe."

"Miezi minne nimekuita mwoga moyoni mwangu."

"Na mimi miezi minne najua ukiniona unaona maiti ya Mzee Faustino. Ndiyo sababu sikuja."

Mwanamke akaja kuuliza bei ya kushona blauzi. Somoe akamwambia apite baadaye. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, na msiro ukatoka mstari.

"Umeharibu ukuta wako mweupe," Zuberi alisema taratibu.

"Utapaka wewe. Si ndiyo kazi yenu, kupaka kuta." Akajikuta anacheka na kulia pamoja. "Wanasema unakwenda Palma, kwenye kambi ya gesi."

"Waliniita. Tomás wa kikosi chetu ameshakwenda, anasema huko wanalala na kuamka, hakuna kinachoungua. Nimekataa juzi. Namba yangu iko ukutani, nitaifuta kwa nini?" Akainama kidogo. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Nimtume ami yangu Sharifu kwako, au nisimtume?"

Somoe aliikunja ile suruali, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mtume. Lakini kwanza Delfina ajue."

"Mpenzi wangu, ajue nini? Mzee harudi."

"Kila asubuhi ananiita aliyemtoa baba yake. Kila asubuhi, Zuberi. Mungu ananiona nikiitikia."

"Atakuchukia."

"Akinichukia, amchukie anayemjua. Sasa hivi anampenda mtu ambaye si mimi."

"Huna mwingine hapa mjini ila yeye."

"Ninajua," Somoe alisema. "Kwani mimi sijahesabu?"

Zuberi akainuka. "Basi nitakuwepo. Kidole kilikuwa chako, mfuko ulikuwa wangu."

Alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu nyeupe, kofia mpya, buti zile zile kwa kuwa alikuwa zamu. Delfina alikuwa mkekani na ungo wa mchele, akichagua mawe. Alivaa blauzi ya kijani aliyoshonewa na Somoe.

"Bwana harusi huyo," alisema alipomwona. "Ingia, usimame kama mlingoti kwa nini? Nimemwambia mwenzangu, harusi hii napika mimi. Mapilau yenu nayajua, nimewatazama miaka yote juu ya ua."

"Shemeji," Zuberi alisema, asiendelee.

"Ona, hata maneno yamekwisha. Somoe, umempa nini mtu huyu?"

Somoe akakaa mbele yake, magoti yao karibu kugusana. Hakutafuta njia ya kuzunguka. Alieleza habari za saa kumi, milio miwili na mlio mmoja, tangu mwanzo. Alieleza jinsi kidole kilivyokata, na simu ilivyolia mchangani naye amemshika mzee kwapani. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Mkono wa Delfina ulikuwa bado juu ya mchele, umeshika kijiwe.

"Ulikata mara ngapi?"

"Mbili."

Akamgeukia Zuberi. "Wewe ulisikia?"

"Nilisikia zote mbili."

"Gari lilikuwa wapi?"

"Kituoni. Lina maji."

"Kutoka kituoni kuja hapa ni muda gani?"

"Dakika tano, shemeji."

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli, mnyororo unalia. Delfina akakitupa kile kijiwe mlangoni. Akaufunika ungo kwa kawa, akauweka juu ya sanduku pasipofikiwa na kuku.

"Delfina," Somoe aliita. "Dada yangu. Sema lolote. Nitukane."

Delfina alivuta kilemba chake kwenye kamba, akakifunga kichwani polepole, fundo nyuma, kama mtu anayekwenda kanisani. Akatia miguu kwenye ndala. Zuberi akasogea kizingitini kumpisha, naye akapita bila kumgusa, akakatiza uwanja, akasukuma lango la matete, akatoka.