Saa ya Meli Mkononi mwa Emilia

Mama Shedrack, jirani yake Emilia pale Njombe, ndiye aliyeieneza habari. Alidai Hilario, mpenzi wa Emilia, aliachwa na meli kwa sababu ya pombe; eti alishuka kisiwani na binti mmoja wa Kizungu, wakalewa, wakalala mchangani mpaka meli ikapiga honi ikaenda zake. Alisimulia bombani, akasimulia kwaya ilipotoka mazoezini, na kila aliposimulia, nguo za yule binti zilizidi kuwa fupi.

Emilia alimsikiliza huku akisukuma mashine yake ya kufuma masweta ya shule. Alijua habari ile ni ya uongo. Alijua pia kuwa ya kweli ilikuwa mbaya zaidi, na alikuwa ameifunga mkononi.

Ilikuwa saa ya Hilario.

Walikutana stendi ya Makambako, asubuhi moja ya baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Emilia alikuwa amekumbatia furushi la nyuzi, kajifunga kitenge cha njano na kuvaa sweta jekundu alilolifuma mwenyewe. Hilario, kijana mrefu wa Lugarawa, alikuwa na fulana nyepesi, anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Akauliza lile sweta linauzwa bei gani.

"Hili lina mwenyewe," Emilia akamjibu.

"Na mwenyewe, naye ana mwenyewe?"

Emilia alicheka mpaka nyuzi zikamponyoka. Basi la Dar lilichelewa, wakanywa chai, wakapeana namba. Hilario alikuwa anakwenda kuosha vyombo kwenye meli ya watalii.

Alipokuja likizo, alivua saa yake akamfunga Emilia mkononi.

"Meli ina saa yake," alimweleza. "Nahodha akisema sogeza, tunasogeza wote. Bandarini nako wana ya kwao, na simu yangu ikishika mtandao wa huko inafuata ya kwao. Ukizichanganya, meli haikungoji. Kichwa changu kimejaa masahani, Emi. Nishikie wewe."

Basi Emilia akaishi na saa mbili: ya ukutani ilikuwa ya Njombe, ya mkononi ya meli. Kila nahodha aliposogeza, Hilario alituma ujumbe, naye Emilia akazungusha. Akimenya viazi vya mchana, alijua mwenzake ndiyo kwanza anaamka. Na Hilario kila aliposhuka bandarini alipiga simu kumuuliza: "Nahodha wangu, melini saa ngapi?"

Kisha Mama Shedrack akaja na picha kwenye simu. Hilario kasimama jikoni melini, na mwanamke aliyevaa aproni kamwegemezea kichwa begani. Emilia hakuuliza kitu. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kutazama na kunyamaza. Jioni ile ujumbe ukaingia: nahodha, sogeza mbele saa moja. Aliusoma, akaugeuza uso wa simu chini. Akusogezee huyo huyo, alisema moyoni.

Kesho yake Hilario akapiga, kelele za soko zimemzunguka.

"Nahodha wangu, simu inaniambia saa nane. Nafikiri jana tulisogeza ili tulingane na hawa wa huku. Au siyo?"

Emilia alitazama mkono wake. Saa ilisema nane. Alijua wazi kwamba melini ni saa tisa, na kwamba saa kumi wafanyakazi wote wawe ndani. Hakutaka mtu afukuzwe kazi. Alitaka agombezwe tu, aonje uchungu kidogo.

"Saa nane," alisema. "Mnalingana."

"Basi nina nafasi. Asante, mpenzi."

Meli iliondoka bila yeye, na kazi ikaondoka nayo.

Sasa anarudi. Emilia alikwenda kumpokea Makambako, mbali na macho ya Mama Shedrack, na sweta la kijivu alilomfumia usiku na mchana kama mtu anayelipa. Hilario alishuka kwenye basi amekonda, na fulana ile ile.

"Kamwene, nahodha," alimsalimu, kama vile hakuna kilichoharibika.

Wakaingia mgahawani. Hilario akatoa kwenye begi mtandio wa njano, akautandaza mezani. Alisema siku ile meli ilipomwacha alizunguka maduka kuitafuta rangi ya kile kitenge, mpaka akaipata. Nyumbani amewaambia kwa simu kwamba hakusikia vizuri, soko lilikuwa na kelele. Wazee wake watakuja kwa kina Emilia Jumapili. Mama yake alikuwa na wasiwasi kwa kuwa wao ni Wakatoliki, sasa anasema Mlutheri anayejua kufuma ni nusu Mkatoliki.

Emilia akaweka kikombe chake cha chai mezani.

"Ulisikia vizuri," alisema.

"Achana nayo, Emi. Zile kelele..."

"Ujumbe wako niliusoma. Sikusogeza. Ulipopiga nilijua kabisa ni saa tisa."

Hilario akaacha kutafuna. Emilia akamweleza ile picha, bila kulia, maana kulia kungekuwa kumtaka ambembeleze.

"Yule tulikuwa tunamuaga," Hilario alisema taratibu. "Alikuwa anarudi kwa mume wake."

Emilia akaifungua saa akaiweka juu ya mtandio. Tangu siku ile hakuwa ameizungusha.

"Iweke ifuate saa ya hapa, kwa mkono wako," aliomba. "Ukiiweka, wazee waje Jumapili, nitawapikia. Tafadhali, Hilario."

Hilario aliichukua. Kwa ukucha akavuta kile kifundo cha pembeni, na mshale mwembamba ukasimama. Nje mpiga debe alikuwa anaita watu wa Ludewa, njia ya kwao Hilario, basi linajaa. Kidole gumba cha Hilario kilikaa juu ya kifundo, hakikizungushi wala hakikirudishi ndani.