Herufi Mbili Zilizopungua

Kila alasiri alipotoka shule, Chiriku alipitia gereji ya mama yake kupanga spana kwa namba zake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Yeye akisimulia habari za darasani, mama, aliyelala chini ya gari na ovaroli lake la oili, alimjibu kwa kuguna.

Siku moja mama alimwambia kwamba madereva wengi wa malori kutoka nchi jirani husoma Kifaransa tu, akamwomba aandike kibao cha lugha hiyo. Chiriku alijibu kwamba hilo ni jambo dogo. Kumbe katika kitabu chake cha Kifaransa cha shuleni, sura ya majina ya kazi hakuwahi hata kuifungua. Kesho yake alichungulia daftari la mwenzake wa dawati, ambaye baba yake naye ni fundi wa magari, akanakili neno moja la fundi: *mécanicien*. Jioni akalipaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Mama alifurahi mno, akawaita majirani waje kuona.

Jumamosi lori liliingia likifuka moshi. Dereva alisoma kibao, akamwamkia mama kwa adabu, kisha akaketi juu ya tairi. Mama alipofungua boneti, dereva alimzuia kwa upole. Kwa Kiswahili cha kuungaunga alieleza kwamba anamsubiri fundi.

"Fundi ni mimi," mama alisema.

Dereva alionyesha kibao. "Pale imeandikwa mwanamume."

Mama akamgeukia bintiye. "Mwanangu, umeandika nini?"

Chiriku alitamani kukisingizia kitabu. Lakini alipoona uso wa mama uliojaa aibu mbele ya mteja, moyo ulimsuta. Akakiri kwamba amenakili, na kwamba somo lenyewe halijui.

Dereva alicheka, akamweleza kwamba kwa Kifaransa fundi mwanamke ni *mécanicienne*. Zimepungua *n* na *e*. Chiriku akapanda ngazi na kopo la rangi. Nafasi ilikuwa finyu, hivyo herufi hizo mbili zilibanana kama abiria. Chini yake, mama alikuwa ameshaanza kufungua pampu ya dizeli, na kabla ya adhuhuri lori liliondoka likiunguruma vizuri.

Jumapili Chiriku aliisoma sura nzima. Mwoka mikate mwanamume ni *boulanger*, mwanamke ni *boulangère*. Lakini daktari, awe mwanamume au mwanamke, huitwa *médecin*. Akaona kwamba hapa kubahatisha hakufai.

Mama alimsikiliza akisoma kwa sauti, kisha akasema, "Kukosea si kosa kubwa, mwanangu. Hata mimi nimewahi kufunga injini, boliti ikabaki mkononi. Kosa ni kudai unajua usilolijua, kwa maana mtu anakuamini na kuondoka na gari lake. Kuuliza si ujinga. Usipojua, sema hujui, kisha ujifunze."