Leo Nakuzika

Kabla ya kwenda shule Mwanne alifagia uwanja, akachota maji kwenye bomba la kijiji, akawasha kuni ili mdogo wake apate uji. Walikaa Misugusugu, Kibaha, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro. Mama yake, Bi Biubwa, alikuwa muuguzi wa zahanati, na hakupenda mtoto anayesubiri kutumwa. Wiki hiyo Mwanne hakusubiri kutumwa. Ila alifagia mahali pamoja tu, mpaka ufagio ukaanza kuchimbua mchanga.

“Umepoteza nini hapo chini?” mama yake akauliza.

“Sijapoteza kitu, mama.”

“Basi sogea mbele. Unachimba kaburi?”

Ufagio ukamponyoka. Bi Biubwa alimtazama mwanawe, lakini wagonjwa walikuwa wanamngoja zahanati. Akaondoka na swali lake moyoni.

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi, shule yao ilipocheza mpira wa kikapu na wageni kutoka Kisarawe. Mwalimu Hemedi alikuwa mwamuzi wa kwanza. Mwalimu wa Kisarawe aliyetakiwa kumsaidia hakuweza kuja, na wageni wakakubali filimbi ya pili apewe Mwanne wa darasa la saba, kwa kuwa alizijua sheria kuliko wenzake wote. Mwalimu Hemedi alikuwa amemfundisha muhula mzima.

“Wachezaji wakikabiliana, filimbi kwanza,” alikuwa akimwambia. “Simama kati yao, usimshike mtu. Kila mmoja arudi upande wake. Uliza kilichotokea. Kumtoa mtu mchezoni ni jambo la mwisho.”

Mchezo ulipokolea, wasichana wawili waligongana chini ya kikapu. Mmoja alikuwa Sikuzani wa Kisarawe, mrefu na mwepesi kama mwanzi. Mwingine alikuwa Margareth wa shule ya Mwanne, ambaye baba yake alihamia Kibaha kikazi kutoka Tabora. Sikuzani alimsogelea Margareth uso kwa uso, akamwambia, “Leo nakuzika, Margareth. Kesho wakutafute makaburini.”

Margareth akafungua mdomo ajibu. Mwanne hakungoja jibu. Alipuliza filimbi, akamwonyesha Sikuzani nje ya uwanja.

“Mimi? Kwa lipi?”

“Toka.”

“Muulize mwenyewe basi, kama nimemkosea.”

“Nimesema toka. Mwamuzi haulizwi.”

Watazamaji wakaguna. Wengine wakamzomea Mwanne, wakasema kapewa filimbi imempanda kichwani. Mwalimu Hemedi akaja mbio. “Kasema nini?”

Mwanne alitaka wote wajue kwamba haonei mtu. Akayarudia maneno yale kwa sauti kubwa, moja baada ya jingine, mpaka akina mama waliokuwa wakiuza mihogo kando ya uwanja wakashika midomo. Sikuzani alitoka. Akakaa chini, akaupa uwanja mgongo, na hakugeuka mpaka mchezo ukaisha.

Jumatatu Margareth hakuonekana shuleni. Jumanne habari zilifika kwamba amelazwa hospitali, homa imempanda na anaweweseka.

“Yule mtoto wa Kisarawe ana ulimi mbaya,” mwanamke mmoja alisema kwenye foleni ya bomba.

“Labda ni maneno ya watu.”

“Maneno ya watu gani? Mwamuzi mwenyewe kasikia.”

Mwanne alikuwa nyuma yao na ndoo yake. Akainama ajifanye anakaza kata ya kubebea ndoo kichwani.

Tangu hapo mgongo wa Sikuzani ulimfuata kila alikokwenda. Aliuona darasani kwenye dawati la mbele, akaja kugundua ni wa msichana mwingine. Aliuona barabarani, ukipotea nyuma ya mikorosho. Mazoezini aliweka filimbi mdomoni na pumzi ikagoma kutoka. Akilala, alisikia maneno yale ya kuzika, na sauti iliyoyasema haikuwa ya Sikuzani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Alhamisi mchuuzi mmoja alileta habari kutoka Kisarawe. Watoto wenzake walikuwa wakimkimbia Sikuzani kisimani, naye ameacha kwenda shule. Majirani walikuwa wakimshikilia bibi yake ampeleke mjukuu kwa mganga siku ya Jumapili, akanyolewe, ijulikane kama ni mwanga, yaani mchawi. Mwanne alijua maana yake. Mtoto akishanyolewa hivyo, nywele huota tena, lakini jina halimtoki.

Jioni hiyo akamfuata mama yake jikoni.

“Mama, mtu akimtabiria mwenzake kifo, yule mwenzake akafa, nani kamuua?”

“Kafa nani?”

“Hajafa.”

“Basi usimzike. Sema.”

Mwanne akasema yote. Bi Biubwa aliendelea kukuna nazi hadi akamaliza.

“Margareth ana malaria,” alisema. “Nilimpima damu mimi mwenyewe kabla hajapelekwa hospitali. Malaria inaletwa na mbu, haitoki mdomoni mwa mtu. Leo nimesikia anaendelea vizuri. Sasa niambie, yeye alijibu nini alipoambiwa atazikwa?”

“Sijui. Nilikuwa nimeshapuliza filimbi.”

“Hukumuuliza?”

“Sikumuuliza.”

“Kesho ukitoka shule tunakwenda hospitali,” mama yake akasema.

Walimkuta Margareth amekaa kitandani, amekonda, anakunywa uji. Mwanne alimuuliza alitaka kumjibu nini Sikuzani, kabla hata ya kumpa pole vizuri.

“Nilikuwa namwambia, utanizika kwa sanda ipi, ninyi Wazaramo ambao shuka moja mnajifunika ukoo mzima?” Margareth akajibu. “Tena hukuniacha nimalize. Nilikuwa na mengine mazuri zaidi.”

“Kwa hiyo hakukutukana?”

“Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Ni mtani wangu yule. Kila tukikutana ananizika. Ulitaka aniambie nini, shikamoo?”

Utani wa makabila Mwanne aliujua. Babu yake alipofariki kule Mlandizi, watani waliingia kaburini wakalala, wakakataa kutoka, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Watani ndio waliosaidia kuchimba na kuzika. Lakini yeye alidhani mambo hayo ni ya matangani. Hakutegemea kuyakuta chini ya kikapu, kwa watoto waliovaa sare za shule.

“Margareth,” alisema, “Jumapili wanakwenda kumnyoa Sikuzani kwa mganga, eti kakuroga.”

Margareth akaweka kikombe chini. Hakutania tena.

Jumamosi asubuhi daktari alimruhusu Margareth kutoka, akamtaka asijichoshe. Bi Biubwa alizungumza na wazazi wake, akawaahidi kumsimamia. Mwalimu Hemedi naye akaongozana nao. Walipanda basi hadi Dar es Salaam, wakabadilisha, wakafika Kisarawe jua limeshakuwa kali.

Nyumba ya Bibi Mwanakheri, bibi yake Sikuzani, ilikuwa imefungwa madirisha. Majirani walikaa uani kama watu waliokuja msibani. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyepika kwa kelele. Mtoto mdogo aliinua kidole kuonyesha mlango, mama yake akakishusha haraka.

“Shikamooni,” Mwanne akasema.

“Marahaba.”

“Mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi. Nilimtoa Sikuzani bila kumuuliza aliyeambiwa. Walikuwa wanataniana. Nilisikia nusu, nikaitangaza hiyo nusu.”

Mzee mmoja akakohoa. “Mwanangu, maneno yale yalisemwa, hayakusemwa?”

“Yalisemwa, babu.”

“Na mwenzake hakuugua?”

“Aliugua.”

“Basi,” mzee akasema, na watu wakanong’ona. Mwanne alikuwa amesema kweli yote, na kweli haikutosha.

Hapo Margareth akapita mbele, amejitanda khanga ya mama yake, anatembea polepole.

“Hodi wenye nyumba,” alisema. “Maiti amefika. Yuko wapi aliyeahidi kunizika? Wiki nzima nimengoja sanda, naona Wazaramo mmeuza.”

Kisha Bibi Mwanakheri akatokeza mlangoni. “Kabila gani wewe?”

“Mnyamwezi, bibi.”

“Ala,” bibi akasema taratibu. “Kumbe mtani.”

Margareth hakungoja kukaribishwa. Aliingia jikoni, akatoka na sufuria ya mihogo, akakaa mlangoni na kuanza kula. Bibi akashika kiuno. Kicheko kilimtoka kidogo kidogo, kisha kikamshinda, akalazimika kuegemea nguzo. Yule mzee naye akatikisika mabega.

“Huyu hajaguswa na mtu,” alisema. “Maiti hali mihogo namna hii.”

Ndipo Sikuzani akatoka, macho yamevimba. “Rudisha mihogo ya bibi yangu, mwizi wewe.”

“Nizike kwanza.”

Uani pote watu wakacheka, na habari ya kunyoa haikuzungumzwa tena. Lakini Sikuzani alipomgeukia Mwanne, hakuwa anacheka.

“Nilikwambia muulize.”

“Uliniambia.”

“Ukasema mwamuzi haulizwi.”

“Nilikosea. Nisamehe. Nitasema hivi hivi mstarini, mbele ya shule nzima, kwenu na kwetu.”

“Jumatatu uanze kwetu,” Sikuzani akasema.

“Nitamleta mwenyewe,” Mwalimu Hemedi akaahidi. “Na mimi nina la kusema. Niliridhika na jibu la mtu mmoja, nami ndiye niliyemfundisha kuuliza.”

Wakati wa kurudi, wakiwa kituoni, Mwanne alimuuliza mama yake kama watu wa pale watasahau.

“Wengi watasahau. Mmoja wawili hawatasahau,” Bi Biubwa akajibu. “Sikudanganyi. Kusimamisha mchezo ulifanya vizuri. Wangekuwa wanapigana kweli, ungewaokoa. Ila filimbi inasimamisha watu tu. Ukweli unatafutwa kwa kuuliza, na anayeulizwa kwanza ni yule unayedhani kakosewa. Mtu akiugua, mpeleke hospitali, usimtafutie mchawi. Na neno baya usilitangaze kabla hujajua lilikuwa na maana gani, maana ukishalitangaza hulikusanyi lote.”

“Nimesikia, mama.”

“Kusikia ulisikia hata siku ile. Safari hii elewa.”

Mwanne akaanza kuyapanga kichwani maneno atakayosema Jumatatu mbele ya shule ya Sikuzani, tangu la kwanza hadi la mwisho, asiache hata nusu.