Ukoka Mchanga wa Mtaa wa Larkin

Lori la kufyonza majani lilikuwa limefika katikati ya Mtaa wa Larkin lilipokataa kumeza. Mshika bomba alidhani limekwama kwenye tawi. Alipolichokoa lile rundo la ukingo wa barabara kwa kiatu chake, ukatokea mguu wa mtu, umevaa soksi ya sufi na suruali ya kulalia.

Inspekta Joyce Hlavaty alifika kabla injini ya lori haijapoa. Maiti ilikuwa ya Delbert Kinsinger, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye nyumba iliyotazamana na rundo hilo. Alilazwa chali, mikono imekunjwa kifuani, amefunikwa majani makavu toka unyayoni hadi utosini. Kisogoni alikuwa na jeraha. Usiku huo sakitu ya kwanza ya mwaka, ile barafu nyembamba ya usiku wa baridi, ilikuwa imeanguka mapema kuliko ilivyotabiriwa, na mtaa mzima ulikuwa mweupe kama umenyunyiziwa chumvi.

Sajenti Terrence Odom alikuwa na mshukiwa tayari. Jirani wa mkono wa kulia, Rudy Szabo, alikuwa na mwaloni mkubwa ambao kila Oktoba ulimwaga majani kwenye uwanja wa Kinsinger. Jana alasiri wazee hao wawili walifokeana hadi watu wakatoka vibarazani. Mashahidi watatu walimsikia Szabo akisema atamzika mwenzake kwenye hayo hayo majani. Zaidi ya hapo, Szabo alikuwa ameachiwa kutoka gerezani kwa masharti. Miaka iliyopita alimvunja mtu taya kwenye baa, na mtu yule hakupona. Shtaka lolote jipya lingemrudisha gerezani hata kabla ya hukumu.

Mwendesha mashtaka alipiga simu mwenyewe. Alisema atafungua jalada kabla ya ofisi kufungwa jioni.

Szabo alikuwa amekaa kituoni, kofia magotini, anaikunja na kuikunjua.

"Ulimwambia utamzika kwenye majani," Hlavaty alianza.

"Nilisema."

"Na amekutwa kwenye majani."

"Inspekta, mtaa ule tunatishana kila mwaka majani yakianguka. Ingekuwa kila tishio ni maiti, nyumba zote zingekuwa tupu."

"Mkewe anasema alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Mtu mgonjwa hivyo unagombana naye ya nini?"

Szabo aliacha kuikunja kofia. "Juzi alinishukuru kwa kumwazima farasi. Sijawahi kuwa na farasi. Jina langu kalisahau, la mkewe kalisahau. Lakini nikimchokoza kuhusu majani ananijua. Ananiita Szabo mpumbavu, anataja na mwaka niliopanda ule mwaloni. Nilikuwa nagombana naye kwa sababu akigombana anakuwa Delbert."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu. Najua hilo halinisaidii." Aliiweka kofia mezani. "Nina miaka sitini na nane na moyo unaoendeshwa na betri. Nikirudi ndani sitoki tena. Sikuombi huruma. Nakuomba uangalie vizuri."

Hlavaty hakumwahidi kitu. Alichukua koti lake, akarudi Mtaa wa Larkin.

Jua lilikuwa limeyeyusha sakitu. Uwanja wa mbele wa Kinsinger ulikuwa umepandwa upya. Ukoka mchanga, mwembamba kama nywele za mtoto, ulichomoza kati ya mabua ya ngano yaliyotandazwa kuukinga. Kando yake lilisimama bango la dalali: nyumba inauzwa. Hlavaty alichuchumaa ukingoni bila kuukanyaga. Naye alikuwa amepanda ukoka wake Septemba, na alijua unyayo mmoja mzito unavyoua miche laini kama ile.

Chini ya dirisha la sebule palikuwa na kiraka kisichofanana na kwingine. Hapakuwa na mche hata mmoja. Udongo ulikuwa umesawazishwa, mbegu mbichi zimemwagwa, mabua mapya juu yake, na vyote vimeshikana kwa barafu ambayo kivuli cha ukuta kiliizuia isiyeyuke. Kwingine hapakuwa na barafu.

"Kuna mtu alimwagilia hapa jana usiku," alisema.

"Usiku wa baridi ile? Atakuwa mwehu," alisema Odom.

"Au amezoea. Mbegu ikishamwagwa inamwagiliwa pale pale, la sivyo imepotea."

Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya rangi ya buluu. Hlavaty alizikumbuka. Asubuhi alikuwa ameziona kwenye magoti ya suruali ya marehemu, akadhani ni uzi uliochakaa.

Alisimama, akatazama. Kutoka kwenye kiraka hadi kwenye rundo la majani ilikuwa kuukata uwanja tu, hatua chache za moja kwa moja. Lakini ukoka ulikuwa mzima kote. Mikwaruzo aliikuta kwenye njia ya gari, juu ya saruji: mistari miwili myembamba ya rangi ya shaba, ikianzia karibu na ukuta wa nyumba, ikishuka njia yote, ikipinda kona, ikifuata njia ya waenda kwa miguu hadi kwenye rundo.

"Pete za turubai," alisema. "Lile la kukokotea majani. Sajenti, wewe ungemburuta wapi?"

"Mimi? Ningekatiza hapa kati, nimalize."

"Una ukoka?"

"Afande, naishi ghorofa ya nne. Nina mche mmoja wa kiungo cha supu kwenye kopo, nao unanyauka."

"Szabo angekatiza pia. Angekatiza kwa furaha. Huyu aliiburuta maiti kuuzunguka uwanja mzima ili asikanyage miche. Halafu akarudi kurekebisha palipoharibika."

Odom alitazama mlango wa mbele wa nyumba. 

Simu ya daktari wa maiti iliwakuta hapo hapo. Hlavaty alisikiliza, akauliza swali moja, akauliza tena lile lile kwa maneno mengine, akakata.

Verna Kinsinger aliwafungulia akiwa bado na aproni. Asubuhi alikuwa amewaambia kwamba alilala, mume akatoka bila yeye kujua, kama alivyokwisha kutoka mara nyingine. Sasa aliwakaribisha jikoni, akawamiminia kahawa bila kuwauliza kama wanataka. Mikono yake ilikuwa na nyufa, na ndani ya nyufa mlikuwa na udongo.

"Bi Verna, turubai lenu liko wapi?"

"Gereji."

"Limefuliwa?"

"Ndiyo."

"Ukoka umepandwa na nani?"

"Mimi. Alipokuwa mzima alikuwa anapanda yeye."

"Mara ngapi?"

Hapo ndipo mwanamke alipoketi. Alisema mara tatu, halafu akajisahihisha: na jana, nne.

Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Makao ya wazee yalikuwa yamempa Delbert kitanda, yakakubali kumshikia hadi mwisho wa mwezi. Ili kukilipia, nyumba ilibidi iuzwe. Dalali alisema uwanja wenye mabaka unawafukuza wanunuzi kabla hawajashuka kwenye gari. Basi akapanda, akatandaza mabua, akamwagilia asubuhi na jioni. Na Delbert, ambaye hakujua tena kufunga vifungo vya shati, alijua kwamba Oktoba ni mwezi wa kukwangua uwanja. Kila alipoponyoka alichukua reki ya chuma akayakwangua mabua yote, na miche pamoja nayo.

"Alikuwa ananiuliza, nani katupa takataka kwenye uwanja wangu. Kila siku. Namweleza, ananielewa, anarudisha reki. Kesho ananiuliza tena. Nilikuwa silali, Inspekta. Nilikuwa nalala nimejifunga naye mkanda wa gauni ili akiamka nijue."

"Jana?"

"Jana dalali alipiga. Kuna mtu na mkewe wanakuja Jumamosi. Baada ya chakula niliosha vyombo tu. Vyombo viwili. Nikatoka nikamkuta amepiga magoti chini ya dirisha, anang'oa kwa mikono." Alitazama mikono yake mwenyewe. "Reki ilikuwa pale chini. Nilimpiga kwa mgongo wa reki. Mara moja. Akalala kifudifudi kwenye ukoka, hakujibu. Nikasema nimemuua."

"Ukamweka kwenye majani."

"Nilitaka mdhani alipotea akalala nje. Sikumfikiria Rudy. Wallahi sikumfikiria, hadi mlipomchukua."

"Na tulipita dirishani hapa naye akiwa kwenye gari letu."

"Nilimwona. Nilikuwa nasema nitawafuata. Nilikuwa natafuta viatu."

Odom alitoka barazani kupiga simu kituoni, kusema Szabo aachiwe. Sauti yake ilisikika kupitia kioo, ikirudia jina mara mbili.

Hlavaty aliandika mstari wa mwisho wa maelezo, akamgeuzia karatasi. Verna alisaini bila kusoma. Halafu akauliza jambo ambalo Hlavaty alikuwa akilingoja.

"Hakuteseka, sivyo? Ilikuwa palepale."

Inspekta angeweza kunyamaza. Lakini jambo hilo lingesomwa mahakamani, na mtu asiyemjua.

"Pigo lilimzimisha fahamu. Halikumuua. Alikufa kwa baridi."

Verna hakuelewa. "Nilimfunika. Nilimfunika vizuri, alikuwa hapendi baridi. Niliongeza majani hata ya kwa Rudy."

"Ndiyo. Daktari anasema ndiyo yaliyomweka hai. Hadi karibu na alfajiri."

Kahawa ilikuwa imepoa. Nje, mtu alikuwa akiwasha mashine ya kukatia nyasi.

"Kwa hiyo wakati namwagilia," Verna alisema.

"Alikuwa hai."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu ikajumlika. Aliinuka, akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. Walipomtoa nje alishika njia ya gari, akauzunguka uwanja, na Odom, aliyekuwa amemshika mkono, akamfuata.